Kumaliza Game of Thrones si kujua Kiingereza

Wapo wanaoamini kwamba ukitazama vipindi vyote 73, Kiingereza kitaingia chenyewe. Hakiingii hivyo. Tamthilia hii ya kituo cha televisheni cha Marekani, HBO (2011–2019), imejaa lugha ya mabwana, viapo na vitisho. Jaribu kuagizia chai jijini London kwa lugha hiyo uone watakavyokutazama! Tena Kidothraki na Kivalyria, lugha zinazosikika humo, si Kiingereza kabisa: ziliundwa kwa ajili ya tamthilia na mwanaisimu David J. Peterson. Linalofaidika ni sikio. Wahusika Ned Stark na Jon Snow huzungumza kwa lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza, ambayo darasani huisikii. Ila maandishi ya chini ya skrini yawe ya Kiingereza, urudie kipande kifupi, kisha useme mwenyewe kwa sauti.