Chewa wa Atlantiki: kamalizwa na nyavu au na maji?

Waliolelewa kwa kijiko cha mafuta ya ini la samaki wanamfahamu chewa wa Atlantiki kwa ladha, hata kama hawajawahi kumwona. Walioko Uingereza hununua minofu yake iliyokaangwa, na chipsi pembeni. Huyu si yule chewa wa kwenye matumbawe ya pwani yetu. Ni samaki wa maji baridi, Gadus morhua kwa jina la kisayansi, na habari zake huwafikia watu zikiwa zimegawanyika kambi mbili: kuna wanaosema wavuvi wamemmaliza, na wanaosema ni mabadiliko ya tabianchi. Kila kambi ina ukweli wake. Tatizo linaanza pale kila moja inapodhani ukweli wake unafuta wa mwenzake.

"Bahari haiishiwi samaki"

Dhana hii haikuanzia kwa wajinga. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi jijini London, mwanabiolojia Thomas Huxley alisema anaamini kwamba uvuvi wa chewa, na pengine uvuvi wote mkubwa wa baharini, hauwezi kumalizika, kwa kuwa lolote tufanyalo haliathiri sana idadi ya samaki. Kwa zana alizoziona yeye, mishipi na mashua za tanga kwa wingi, alikuwa na hoja. Jike kubwa la chewa hutaga mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja.

Kilichobadilika ni meli. Miaka ya 1950 Waingereza waliingiza baharini Fairtry, kiwanda kinachoelea: inakokota wavu, inapandisha samaki kwa nyuma, inachuna minofu na kuigandisha humohumo, wiki baada ya wiki, bila kurudi bandarini. Wasovieti na mataifa mengine wakafuata. Katika maji ya Newfoundland na Labrador, upande wa mashariki wa Kanada, mavuno ya mwaka yalikuwa yamekaa chini ya tani 300,000 kwa karne nyingi. Mwaka 1968 zikatolewa tani kama 810,000. Miaka kumi baadaye hazikufika hata 150,000.

"Wageni ndio waliomaliza"

Wakanada wengi waliamini hivyo, na ile 810,000 ilitolewa kwa sehemu kubwa na meli za nje. Lakini mwaka 1977 Kanada ilitangaza mamlaka yake hadi maili 200 za baharini, na meli nyingi za kigeni zikaondoka. Nafasi yao ikajazwa na meli za Kanada yenyewe.

Hapa pana kosa la hesabu ambalo kila nchi yenye wavuvi ingefaa ilisome. Wataalamu wa serikali walikadiria wingi wa samaki kwa kutegemea, pamoja na mengine, mavuno ya meli kubwa. Meli hizo zilikuwa na vyombo vya kusaka samaki na zilikwenda moja kwa moja mahali chewa wanaposongamana. Samaki wanaweza kupungua baharini kote, lakini waliobaki wakikusanyika sehemu moja, wavu utajaa vilevile. Kwa hiyo makadirio yalionyesha neema. Wavuvi wadogo wa karibu na ufuko, ambao mitego yao hukaa palepale ikimsubiri samaki aje, walikuwa wakilalamika tangu katikati ya miaka ya 1980 kwamba chewa wamekuwa wachache na wadogo. Hawakusikilizwa kwa wakati.

Julai 2, 1992, waziri wa uvuvi John Crosbie alitangaza kuusimamisha uvuvi wa chewa katika maji hayo. Watu kama 30,000 wakapoteza kazi. Ilisemwa ni kwa miaka miwili. Ilichukua zaidi ya 30.

"Kama si nyavu, basi ni joto"

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, maji ya Labrador yalikuwa ya baridi kupita kawaida. Naam, baridi. Kapelini, samaki mdogo ambaye chewa humtegemea kama chakula kikuu, aliporomoka mwaka 1991. Wapo waliolitumia hilo kuwaosha mikono wenye meli: kumbe ni maji!

Lakini chewa alikwisha kupita vipindi vya baridi kali kabla ya hapo, na alivuka. Tofauti ya safari hii ilikuwa umri wa waliobaki. Chewa anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kundi lenye samaki wa miaka 6, 10 na 15 pamoja linaweza kukosa kizazi miaka kadhaa mfululizo kisha likazaa tena, kwa sababu wazazi wapo. Jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko majike kadhaa madogo, na kwa kawaida mayai yake ni bora zaidi. Uvuvi mzito huanza na hao wakubwa. Ukishawaondoa, kundi linaishi kwa kutegemea wachanga waliotaga mara moja au mbili tu, mithili ya nyumba iliyouza akiba yote ya ghalani kisha ikaombea mvua isichelewe. Maji yakibadilika mwaka huo, hakuna pa kuegemea.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo zima, na ndicho kinachokosekana katika mabishano. Kuuliza ni nyavu au ni maji ni kuuliza swali lisilo na jibu. Nyavu ndizo zinazoamua maji yatakuwa na makali kiasi gani.

"Bahari ikipata joto, chewa hufa kila mahali"

Inategemea alianzia wapi. Samaki mkubwa huvumilia nyuzi nyingi za joto, ila mayai hayavumilii. Yanahitaji maji ya baridi zaidi na hayapendi mabadiliko. Ukingo wa kusini wa eneo lake ndio unaoumia kwanza.

Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, iko kwenye ukingo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya 2004 na 2013 ghuba hiyo ilipata joto kwa kasi kuliko asilimia 99 ya bahari zote duniani. Migawo ya uvuvi, yaani kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka, ilipunguzwa, wavuvi wakatii, na chewa hawakuongezeka, kwa kuwa waliopanga migawo walipiga hesabu kana kwamba maji ni yaleyale ya zamani. Mgawo ulioonekana wa tahadhari kwa bahari ya baridi ulikuwa mkubwa mno kwa bahari iliyopashwa. Katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwei, joto limepitia mlango mwingine: kiumbe mdogo wa planktoni (vijidudu vinavyoelea majini) anayeliwa na vifaranga wa chewa amesogea kaskazini, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake anayepatikana katika msimu usiofaa.

Sasa panda hadi Bahari ya Barents, juu ya Norwei na Urusi. Huko joto lilimfungulia chewa malisho yaliyokuwa yamezibwa na baridi. Wakati huohuo nchi hizo mbili, zinazogawana kundi hilo, zilikuwa zimekubaliana kanuni ya kupanga mavuno na kuubana uvuvi wa magendo. Mwaka 2013 mgawo ulifika tani milioni moja. Joto peke yake lisingefanya hivyo, wala kanuni peke yake. Tena neema hiyo haikudumu: kizazi kipya kimekuwa hafifu, na mgawo wa 2025 ulishushwa hadi tani 340,000, uliokuwa wa chini kabisa tangu 1991 wakati huo.

"Sili ndio wanaokula samaki wetu"

Katika kusini ya Ghuba ya St. Lawrence, mashariki mwa Kanada, ndiyo, sili wa kijivu, wanyama wa baharini wanaonyonyesha na kula samaki, wanatajwa kuwa sababu kubwa ya chewa wakubwa kufa na kundi kushindwa kuinuka. Kwingineko ushahidi ni dhaifu. Huko Newfoundland uchambuzi umeelekeza kidole zaidi kwa kapelini na uvuvi kuliko kwa sili. Na hata huko St. Lawrence, sili walimkuta chewa akiwa tayari ameangushwa.

"Amepungua tu, ila ni chewa yuleyule"

Nenda mashariki mwa Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1996 chewa wa huko alikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi kwa wastani. Leo anaenea mzima kwenye sahani. Watafiti walisoma vijiwe vya masikio, ambavyo huweka duara za umri kama mti, pamoja na vinasaba vya samaki waliovuliwa kati ya 1996 na 2019. Wakakuta mabadiliko yaliyo ndani ya vinasaba vyenyewe: wenye kukua haraka walinaswa kabla ya kuzaa, na wenye kukua polepole wakapenya kwenye matundu ya nyavu na kuacha watoto. Ongeza bahari yenye oksijeni haba vilindini na chumvi isiyotosha kuyaelesha mayai, nawe unaelewa kwa nini Tume ya Ulaya ilipiga marufuku kumvua chewa huyo mwaka 2019, na kwa nini marufuku hiyo haijamrudishia umbo lake.

"Kanada wamefungua, kwa hiyo amerudi"

Juni 2024 serikali ya Kanada iliondoa zuio la 1992 na kutoa mgawo wa tani 18,000. Linganisha na zile 810,000 za 1968. Isitoshe, mwaka mmoja kabla wanasayansi walikuwa wameongeza kumbukumbu za tangu 1954 kwenye hesabu zao na kukishusha kipimo cha hatari, yaani wingi wa samaki ambao kundi likiwa chini yake huhesabiwa kuwa hatarini; kundi likatoka katika eneo la hatari zaidi kwenye karatasi bila samaki mmoja kuongezeka baharini siku hiyo. Kipimo kipya huenda ndicho sahihi. Ila kapelini bado ni wachache kuliko kabla ya 1991, na chama cha wavuvi wa Newfoundland kilipinga uamuzi huo, kwa sababu sehemu ya mgawo ilirudishwa kwa meli kubwa za kukokota.