Wingi wa picha si kipimo cha thamani ya ziwa

Wiki hii tena, kwenye kikao hapa Dar es Salaam, nimeonyeshwa ramani yenye madoa mekundu, kila doa mahali ambapo watu wamepiga picha wakaziweka mtandaoni, na kuambiwa: "Ziwa Manyara lina picha nyingi kuliko Ziwa Rukwa, kwa hiyo watu wanalithamini zaidi." Jamani, hapana.

Kwanza, sisi tunaopima thamani ya maziwa kwa picha hizo hatuhesabu picha zenyewe. Tunahesabu siku-mtu: mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja, basi ni moja, hata kama amewapiga heroe picha mia mbili. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha picha za Flickr, mtandao wa kuwekea picha, na takwimu za wageni katika maeneo 836 duniani, na kwa jumla vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja. Mwaka 2015 wengine wakachukua maziwa ya Minnesota na Iowa, Marekani, wakaangalia kila mpiga picha ametokea wapi. Waliona kwamba maji yakiwa maangavu kwa mita moja zaidi, watu wako radhi kusafiri karibu dakika 56 zaidi. Kilichopimwa pale ni gharama ya safari, yaani mtu anajitoa kiasi gani ili afike. Picha ilikuwa shahidi tu kwamba mtu alifika.

Na hata kufika kuna utata. Simu hurekodi mpigaji aliposimama, si anachokitazama. Wengi hulipiga picha Ziwa Manyara wakiwa juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, njiani kwenda Karatu, bila kuteremka hadi majini. Aliyepanda Ol Doinyo Lengai akalipiga picha Ziwa Natron anaonekana yuko mlimani. Ukichora duara kuzunguka ziwa, huyu unamkosa. Ukilipanua, unamzoa na aliyekuwa anapiga picha twiga.

Linaloniudhi zaidi liko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mgeni anasimama mbele ya Jiwe la Bismarck jua likizama, anapiga picha, anaiweka hadharani. Mama anayenunua dagaa mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, naye anapiga picha: ya mzigo wake, amtumie mteja wa Kariakoo kwa WhatsApp. Picha ikipita huko kwa njia ya kawaida, data ya mahali hufutwa. Na hata isingefutwa, ni mazungumzo ya watu wawili, hatuna haki ya kuyachungulia. Basi mgeni wa jioni moja anahesabiwa, na anayeshinda ziwani mwaka mzima, analila na kulinywa, hayumo.

Watu huniambia, "Ongeza uzito kwenye hesabu," yaani kila mmoja wa wale wanaoonekana wachache ahesabiwe kama watu kadhaa. Huongeza, na bado nina shaka. Uzito hurekebisha waliopungua, lakini sifuri ukiizidisha mara ngapi inabaki sifuri. Hata gharama ya safari inanisumbua: anayeishi hatua hamsini kutoka majini hasafiri, kwa hiyo fomula inamwona kama asiyetoa chochote, ilhali amejenga pale kwa sababu ya ziwa.

Picha nitaendelea kuzitumia, kwa wageni na utalii. Huko zinasema kweli. Ramani ile nimeirudisha. Nimeomba ichapwe pamoja na hesabu ya mitumbwi na wachuuzi kutoka kwenye mialo, ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule.