Kuchuja mafaili kwenye rsync, maana yake nini hasa?

Huku Tanga ukisema kuchuja mtu anawaza kifumbu, unamimina nazi, tui linapita, machicha yanabaki. Kwenye rsync, ile programu ya kukopi mafaili, sio hivyo, na hapo ndo wengi wanakwama. Huku ni kama bawabu mlangoni ana orodha ya masharti, kila faili linaulizwa peke yake, anasoma orodha kuanzia juu na sharti la kwanza linalolihusu ndo linaamua, yaliyo chini yake hayasomi tena. Lisipohusika na sharti lolote linapita tu.

Rsync yenyewe ipo tangu 1996, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, inalinganisha huku na kule inapeleka kilichobadilika tu.

Sasa tuseme umepiga picha za harusi Ngamiani, folda la Harusi lina mafolda ndani, la sendofu, la nikaha, la walima, yote yamechanganyika picha za JPG, zile RAW nzito, yaani picha ghafi za kamera, na video, na bi harusi anataka JPG tu kwenye diski yake. Unaandika kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri:

rsync -avm --include='*/' --include='*.jpg' --include='*.JPG' --exclude='*' Harusi/ /media/diski/Harusi/

Include ni kuruhusu, exclude ni kukataa, nyota ni jina lolote. Hiyo '*/' naomba uielewe vizuri maana ndo roho ya jambo lenyewe, ni ruhusa ya mafolda. Folda nalo linaulizwa mlangoni kama faili, likikataliwa rsync haiingii ndani kabisa, hata kama mna picha 500 nzuri hazitaonekana. Ukiisahau utapata zile JPG zilizokaa nje ya mafolda basi. Na exclude='*' ikikaa mwanzo hupati kitu, kila mmoja karudishwa mlangoni kabla hajafika kwenye ruhusa yake. Inaniuma nikiona mtu kakesha anaisema programu mbovu kumbe ni mpangilio tu.

Herufi kubwa na ndogo nazo ni vitu viwili, kamera nyingi zinaandika JPG kwa kubwa ndo maana nimeweka zote. Alama za kunukuu usizitoe, la sivyo shell, ile programu inayosoma amri unazoandika, inaweza kuibadili ile nyota kuwa majina ya mafaili kabla rsync haijaiona. Kwenye -avm, a inaingia mpaka ndani ya mafolda, v inataja majina, na ile m inazuia mafolda matupu yasiende.

Kabla ya kukopi kweli ongeza n, iwe -avmn, itakutajia majina ya yatakayopita bila kugusa diski, uyasome moja moja.