Kilengeo cha Mbele Kimeingia Ukungu: Maswali na Majibu kuhusu Miwani ya Kulenga Shabaha Baada ya Miaka 45

Wanaoniuliza mambo haya ni wastaafu wa vikosi waliojenga upande wa Lanet hapa Nakuru, pamoja na raia wenye leseni ya silaha wanaopenda mazoezi ya shabaha wikendi. Wengi wao walikuwa hodari wa kulenga. Sasa risasi zinatawanyika kwenye karatasi, na mtu anaanza kulaumu bastola.

Daktari, gazeti nasoma kwa miwani ya kusomea, na mbali naona bila miwani. Mbona kilengeo cha mbele, ile ncha iliyo mwisho wa mtutu, sikioni vizuri?

Kwa sababu kiko mahali ambapo hakuna kati ya hizo mbili inayofika. Gazeti unalishika sentimita 40 hivi kutoka machoni. Shabaha iko mita 25 au 50. Kilengeo cha mbele cha bastola, mikono ikiwa imenyooka, kiko kati ya sentimita 60 na 75, na cha bunduki ndefu kinakaribia mita 1. Ndani ya jicho kuna lenzi ya asili inayojikunja ili tuone vitu vya karibu. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi hiyo hukakamaa, na kila mwaka uwezo wake wa kujikunja unazidi kupungua. Huo si ugonjwa, na hakuna karoti wala matone ya dukani yatakayoilainisha tena.

Kama ni lazima nichague, nione wazi shabaha au kilengeo?

Kilengeo. Hakuna jicho linaloona wazi umbali wa aina mbili kwa wakati mmoja, hata la kijana wa miaka 20, ila yeye hubadilisha haraka mpaka hajui kama amebadilisha. Shabaha ikiwa na ukungu kidogo, bado utapata katikati yake, maana ni duara kubwa. Kilengeo hakina huruma hiyo. Chukua bastola yenye sentimita 16 kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele: ukikosea kuvipanga kwa milimita 1 tu, kwenye mita 25 risasi inaenda pembeni zaidi ya sentimita 15.

Namba ya miwani hiyo inapatikanaje?

Hapa ndipo wengi hupotezwa. Mtu anaingia dukani, anasema anataka miwani ya kulengea, anauziwa lenzi za njano. Njano huongeza utofauti wa rangi siku ya mawingu, basi. Haisogezi kilengeo popote.

Kanuni ni nyepesi. Gawanya 1 kwa umbali wa kilengeo kwa mita. Kilengeo kikiwa mita 1, jibu, yaani nguvu ya lenzi, ni +1.00. Kikiwa sentimita 67, jibu ni kama +1.50. Kiasi hicho huongezwa juu ya namba yako ya kuona mbali. Lakini mara nyingi hatukiweki chote, kwa sababu mtu wa miaka 50 bado amebakiwa na nguvu kidogo ya kukunja lenzi yake, na kwa sababu tukikiweka chote shabaha inapotea kabisa. Kwa bunduki ndefu huwa naanza na +0.50, inayoliweka jicho wazi kwenye mita 2: kilengeo kinaonekana, na shabaha haigeuki uji. Kwa bastola najaribu kati ya +0.75 na +1.25. Aliyevuka miaka 60 huhitaji upande wa juu.

Tuseme huoni mbali vizuri, na namba yako ya mbali ni -1.00. Ukiongeza +0.75 unapata -0.25, na hiyo ndiyo lenzi yako ya kulengea. Ndiyo maana mwenye -1.00 akivua miwani anaweza kushangaa kwamba kilengeo cha bunduki kimekuwa safi: jicho lake lenyewe liko wazi kwenye mita 1.

Nije na bastola ili unipimie?

Hapana, tafadhali! Njoo na uzi. Nyumbani, au kwenye uwanja wa shabaha mbele ya msimamizi, toa magazini, angalia chemba mara mbili, kisha simama kama unavyolenga siku zote. Mwenzako asimame kando, si mbele ya mtutu, ashike ncha moja ya uzi kwenye kona ya nje ya jicho lako na kuuvuta hadi kwenye kilengeo cha mbele. Funga fundo hapo. Uzi huo ndio utakaonisaidia kuliko maelezo yote.

Nikishapata namba ya mbali, nakuvisha ile fremu ya majaribio yenye vitundu vya kuingiza lenzi. Nakusimamisha mlangoni, unanyoosha kalamu hadi kwenye fundo, unatazama ncha yake dhidi ya bango la duka ng'ambo ya barabara. Nabadilisha lenzi robo kwa robo. Unaponiambia ncha ya kalamu ina kingo kali na bango bado unalitambua, nasimama hapo. Mpimaji ambaye hana dakika kumi za kazi hii, mwache utafute mwingine.

Miwani yangu ya vipande viwili haitoshi?

Kipande cha kusomea kiko chini, kwa hiyo utainua kidevu ili kukipata, na shingo ikishapinda mlengo umeharibika. Isitoshe, kipande hicho kimepimwa kwa kitabu. Chukua lenzi ya namba moja tu. Kwa bunduki ndefu mwambie mtengenezaji kwamba utatazama kupitia sehemu ya juu karibu na pua, ili aweke kitovu cha lenzi hapo.

Macho yote mawili yawekwe namba ileile?

Si lazima. Jicho linalolenga lipewe lenzi ya kilengeo. La pili mara nyingi nalipa namba ya mbali ili uone uwanja. Wengine hupata kizunguzungu, nao nawapa sawa pande zote. Kama jicho la pili linakusumbua, usilifumbe kwa nguvu, maana uso mzima unakaza. Bandika selotepu yenye ukungu kwenye lenzi yake.

Nina kilengeo cha nukta nyekundu. Nahitaji haya yote?

La. Nukta hiyo huonekana kana kwamba iko mbali, kwa hiyo unavaa namba yako ya mbali pekee. Ukiona nukta ina mkia au imechanika kama nyota, zungusha kifaa: mkia ukibaki palepale, jicho lako lina astigmatizimu isiyorekebishwa, yaani uso wa jicho haujaviringika sawasawa.

Miwani ya mchuuzi ya +1.00 je?

Kwa kujaribu, sawa, ikiwa mbali unaona bila miwani. Lakini maganda ya risasi huruka moto, na lenzi hiyo haikuundwa kuzuia kitu. Vaa kinga ya macho juu yake. Ya kudumu iwe ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, yenye kuziba pembeni.

Ni lini tatizo si la miwani?

Jua likikuchoma kuliko zamani na taa za magari zikitawanyika usiku, huenda ni mtoto wa jicho. Huyo hutolewa kwa upasuaji, na upande wa magharibi wengi hupelekwa hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga. Mwambie daktari mapema kwamba unalenga shabaha, kwa sababu lenzi ya bandia atakayoiweka ndiyo itakayoamua umbali utakaouona bila miwani. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia asitengeneze miwani kwanza, kwani sukari ikipanda na kushuka namba nayo hubadilika. Na kila aliyepita miaka 40 apimwe glakoma siku hiyohiyo: haiumi, hula pembeni mwa uwezo wa kuona kimyakimya, na sisi Waafrika hutupata zaidi. Ukiona mimweko ya ghafla au pazia jeusi likishuka, usingoje wikendi wala miadi; nenda hospitali leo.

Naweza kuendesha gari kurudi nyumbani nikiwa na miwani ya kulengea?

Hapana. Mbali ina ukungu. Iache kwenye mfuko wa vifaa, uvae ya kawaida kabla ya kuwasha gari.