Familia ya Ahmedabad kuja Mara na Zanzibar: kupanga safari ya kwanza nje ya India

Mgeni wa India anayetoka nje ya nchi yake kwa mara ya kwanza, akikuandikia huwa ana mambo mawili tayari: tarehe za likizo ya watoto na kiasi cha fedha. Karatasi huziacha mwisho. Atauliza bei ya hoteli kabla hajatazama kama pasipoti ya mtoto mdogo bado haijaisha muda. Nawaandikia wenzangu wa Nairobi, Arusha, Mombasa na Unguja wanaopokea wageni hawa, pamoja na wenye marafiki au wakwe huko Gujarat na Mumbai wanaoulizwa maswali haya kila msimu. Kazi hii ipangwe kinyume cha mazoea: majina kwenye pasipoti kwanza, kisha chanjo, kisha vibali, kisha fedha. Hoteli ifuate, tena iwe ya kuweza kufutwa bila hasara.

Mfano wetu ni baba, mama, watoto wawili na bibi kutoka Ahmedabad. Wanataka usiku watatu Masai Mara, usiku wanne Zanzibar.

Likizo yao na mvua zetu

Shule za Gujarat na Maharashtra hufunga kwa muda mrefu Mei na kuelekea Juni, wakati wa joto kali. Kwetu huo ndio mkia wa masika. Baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja hufungwa Aprili na Mei, na udongo mweusi wa Mara unameza gari hadi ekseli. Wakala wa India akiona bei za Mei atadhani amepata neema. Mwambie wazi kwa nini bei imeshuka, amwambie mteja, kisha wachague wenyewe. Wapo wanaoifurahia Mara tupu yenye majani mabichi, ila si familia iliyoweka akiba kwa ajili ya kuona nyumbu wakivuka mto.

Dirisha zuri zaidi ni Diwali. Gujarat hufunga shule takriban wiki tatu, na sikukuu yenyewe hutembea kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba kwa kufuata mwezi. Nyumbu kwa kawaida huwa Mara kati ya Julai na Oktoba. Diwali ikiangukia Oktoba, familia inaweza kuwakuta wa mwisho. Ikiangukia Novemba, makundi yameshaelekea Serengeti na vuli imeanza, kwa hiyo usiahidi mto. Simba, tembo na twiga wapo mwaka mzima, na kwa safari ya kwanza wanatosha kabisa.

Pasipoti: tazama majina kuliko picha

Pasipoti ya kawaida ya mtu mzima, kurasa 36, hudumu miaka 10 na ada yake ni rupia 1,500. Njia ya haraka, wanayoiita Tatkal, huongeza rupia 2,000. Miadi huwekwa kwenye mfumo wa Passport Seva, mwombaji huenda kituoni na hati halisi, halafu polisi huthibitisha makazi. Hapo kwenye polisi ndipo panapokwama. Anayefanya kazi Pune huku anwani ya hati zake ni ya kijijini Gujarat hutafutwa kijijini, hapatikani, na ripoti hurudi mbaya. Aombe kwa anwani anayoishi kweli, awe na ushahidi wake. Ya mtoto hudumu miaka 5 tu, na hii ndiyo ninayoiulizia kwanza, maana wazazi hukumbuka tarehe zao wakasahau za watoto. Kila pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu.

Halafu majina. Pasipoti ya India ina sehemu ya jina la ukoo na sehemu ya majina mengine. Wageni wengi, hasa wa Tamil Nadu na Kerala, hawana jina la ukoo. Hutumia herufi ya kwanza ya jina la baba. Sehemu ya ukoo ikibaki tupu, mfumo wa tiketi hukataa, na kila shirika la ndege lina utaratibu wake: wengine hurudia jina lilelile mara mbili, wengine huandika vifupisho badala ya jina linalokosekana. Uliza shirika husika kabla ya kulipa, na uandike hivyohivyo kwenye kila fomu.

Dubai ina lake. Familia nyingi hupitia huko na kutaka kulala usiku mmoja au miwili. Tangu Novemba 2022, Falme za Kiarabu haziwapi viza ya matembezi wenye pasipoti ya jina moja tu, isipokuwa jina la baba au la ukoo linaonekana kwenye ukurasa wa pili. Bibi zetu wa vijijini ndio hukumbwa zaidi. Ikiwa hali ni hiyo, wapitishe njia nyingine au wasitoke uwanjani.

Kadi ya njano

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka siku ya kurudi nyumbani. India haina homa ya manjano, lakini ina mbu wanaoweza kuieneza, kwa hiyo inalinda milango yake kwa ukali. Kenya na Uganda zimo kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari. Mwenye pasipoti ya India akirudi kutoka Kenya bila kadi halali anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Hakuna kubembeleza, na uraia haumsaidii.

Kadi huanza kuhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa. Aliyechanja Jumatatu na kuruka Ijumaa hana kadi, ana karatasi. Kuanzia Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa maisha yote, hivyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haihitaji kurudiwa. Nchini India chanjo hii hutolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa na serikali pekee, mara nyingi kwa miadi na kwa siku maalumu za wiki, na namba ya pasipoti huandikwa kwenye kadi. Ndiyo maana pasipoti hutangulia. Daktari wa mtaani akisema anayo, kadi yake haitapita.

Bibi akiwa amevuka miaka 60, daktari ampime kwanza, maana madhara makali ya chanjo hii huongezeka kidogo kwa wazee. Watoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi. Mwenye mzio mkali wa mayai pia aseme, kwa kuwa chanjo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Familia za Kijaini (dini ya India ambayo wafuasi wake hawali nyama wala mayai) na wala mboga wa dhati wana haki ya kuambiwa hilo mapema waamue wenyewe. Usiwaache walijue kwenye foleni. Asiyeweza au asiyetaka kuchanjwa, mpangie Tanzania peke yake kwa ndege ya moja kwa moja, na tiketi isipite nchi iliyo kwenye orodha. India humruhusu aliyeunganisha ndege bila kutoka ndani ya uwanja, ila afisa wa afya ndiye anayeridhika au asiridhike, na mimi simwekei mgeni wa mara ya kwanza mtihani huo.

Kwa familia yetu kadi inatazamwa mara mbili: Zanzibar, kwa sababu wanatokea Kenya, na India siku ya kurudi.

Vibali vya kuingia

Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka kibali cha kielektroniki, dola 30 na makato madogo ya malipo. Kila mtu huombewa chake, pamoja na mtoto mchanga. Muda unaotajwa ni siku 3 za kazi. Mimi huomba wiki mbili kabla. Tanzania ni viza ya kawaida, dola 50 kwa raia wa India, nayo huombwa mtandaoni. Anwani halali huishia go.ke kwa Kenya na go.tz kwa Tanzania. Tovuti za kuigiza hutokea juu kwenye matokeo ya utafutaji, hutoza zaidi, na nyingine hukosea tarehe za kuzaliwa.

Kinachorudisha maombi nyuma ni vitu vidogo: picha ya pasipoti iliyokatwa ile mistari miwili ya herufi chini, barua ya hoteli yenye majina mawili ilhali wasafiri ni watano, tiketi ya kurudi isiyoonekana. Viza ya pamoja ya Afrika Mashariki, dola 100, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, na kila mwaka kuna anayeuziwa kwa ajili ya Zanzibar.

Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bima aliyonunua India, hata iwe kubwa vipi, haiondoi hii. Ila asiiache ile ya India: ndiyo yenye kufutwa kwa safari na mizigo iliyopotea.

Wapo watakaokuambia wameamua kuanza na Ulaya. Sipendekezi. Viza ya Schengen ni euro 90, inataka bima ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, marejesho ya kodi na barua ya mwajiri, na fedha nyingi zilizoingia kwenye akaunti wiki moja kabla huwatia maafisa shaka. Kwa pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, Mauritius, Sri Lanka au huku kwetu ni mwanzo mwepesi zaidi.

Fedha

UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu, wamezoea kuilipia hata chai ya barabarani. Inafanya kazi Nepal, Bhutan, Mauritius, Sri Lanka, Singapore na Falme za Kiarabu, kwetu asiitegemee. Noti za rupia pia ziachwe nyumbani, zibaki chache za teksi ya kurudia.

Mkaazi wa India anaruhusiwa kubeba fedha taslimu za kigeni mpaka dola 3,000 kwa safari. Zaidi ya hapo ziwe kwenye kadi ya fedha za kigeni iliyopakiwa mapema. Duka la fedha likimpa dola, akague mwaka wa kila noti. Za kabla ya 2009 hukataliwa mara nyingi Tanzania, na noti ndogo hupata bei mbaya.

Kadi za benki zina mtego wake. Kwa agizo la Benki Kuu ya India lililoanza Oktoba 2020, kadi mpya hutolewa kwa matumizi ya ndani tu. Mwenyewe afungue matumizi ya nje kwenye programu ya benki, aweke na kikomo. Asipofanya hivyo, kadi itakataliwa kwenye mapokezi ya hoteli Nungwi huku akaunti imejaa. Namba za siri za muda huja kwa ujumbe wa simu, hivyo laini ya India ibaki hai kwa matumizi ya nje hata akinunua ya hapa. Mashine ikimuuliza alipe kwa rupia au shilingi, achague shilingi. Kubadilishia hapo mashineni ni ghali.

Akikutumia malipo moja kwa moja kutoka India, benki yake itadai fomu A2 ya kutuma fedha nje, namba ya PAN (namba yake ya mlipakodi) na ankara yenye majina yaleyale ya pasipoti. Kisha kuna kodi inayokusanywa mapema kwenye vifurushi vya safari za nje. Viwango vyake vimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu Oktoba 2023, kwa hiyo usimnukulie cha mwaka jana. Mgeni ataona jumla imepanda na kukulaumu wewe. Mweleze kwamba hiyo imeingia serikalini kwa jina lake, na huhesabiwa anapowasilisha marejesho ya kodi ya mapato.

Chakula na mizigo

Chakula cha ndege kiagizwe angalau saa 24 kabla: AVML kwa wala mboga wa Kihindi, VJML kwa Wajaini. Asiyeagiza atapewa kilichobaki.

Jikoni kwetu, ukisema "hali nyama" mpishi ataleta samaki, au wali uliopikwa kwa supu ya kuku. Andika orodha kamili: hakuna nyama, samaki, kuku, mayai, wala supu ya mifupa. Kwa Wajaini ongeza kwenye orodha hiyo ya makatazo vitunguu, vitunguu saumu, viazi na karoti, maana mizizi hawali. Wenye msimamo mkali hawali baada ya jua kuzama. Mara jua huzama karibu saa 12:30 jioni, wakati magari ndiyo kwanza yanarudi kambini, kwa hiyo kambi ifunge chakula cha kuliwa porini saa 11. Dar es Salaam na Mombasa hili halina shida. Kule Dar, Mtaa wa Kisutu una mahekalu na migahawa ya mboga ya kutosha.

Ndege ndogo za kwenda Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini. Masanduku magumu yabaki Nairobi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na vitafunio vya safari kama thepla na khakhra hufungwa humohumo. Wahamishie kwenye makopo. Wanaopitia Dubai wasibebe khaskhas (mbegu za mpopi, kiungo cha chakula), huko ni dawa za kulevya kisheria. Umeme wetu ni volti zilezile, ila soketi ni za Kiingereza za pini tatu bapa, hivyo adapta mbili zinatosha.

Kadi za njano zote tano zikae kwenye begi la mkononi la mama, si kwenye masanduku. Ndege ikitua India, dawati la afya hutangulia uhamiaji, na mizigo bado iko mbele kabisa.