Baa ya Kiayalandi si lazima iwe na muziki

Wengi huamini kwamba baa ya asili ya Ayalandi lazima iwe na wapiga fidla, mapambo ya kijani na kelele hadi usiku. Si kweli. Naipenda mno baa ya John Kavanagh mjini Dublin, iliyofunguliwa mwaka 1833 ukutani mwa makaburi ya Glasnevin. Watu huiita baa ya wachimba makaburi. Haina televisheni wala muziki, na kuimba hakuruhusiwi. Kinachobaki ni mazungumzo, na wenyeji huenda kwa ajili hiyo hasa.

Muziki wenyewe zamani ulipigwa zaidi majumbani na kwenye njia panda. Kukaa baani na kupiga pamoja kulienea katikati ya karne ya 20, na wahamiaji wa Kiayalandi walioko London walichangia sana.

Baa nyingi za vijijini zilikuwa pia maduka. Kule Dingle, mji mdogo wa Ayalandi, baa ya Foxy John's bado ina kaunta ya bia upande mmoja na vifaa vya ujenzi upande wa pili: unanunua misumari, unaagiza glasi, unaketi.