Gari linatetemeka likifika spidi fulani: dhana potofu na ukweli

Gari likianza kutetemeka kwenye spidi ya 80 au 100, kinachofuata mara nyingi ni kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine: leo bol jointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye sasipensheni), kesho shokapu, keshokutwa mauntini za injini (raba zinazoishikilia injini). Pesa zinakwisha, mtetemeko uko palepale. Hasara hiyo huletwa na dhana chache zilizozoeleka mno.

Dhana: Bol jointi au tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu ukizungusha usukani) zimelegea, ndizo zinazotetemesha gari.

Mtetemeko unaorudi kila mara kwenye spidi ileile hutoka kwenye kitu kinachozunguka: gurudumu, diski ya breki, sivi jointi (kiungo cha mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu), propela shafti (mhimili wa chini ya gari unaopeleka nguvu nyuma) au injini. Bol jointi, bushi (raba za viungo vya sasipensheni) na tairodi hazizunguki. Zikilegea hukuza mtetemeko uliotoka kwingine, ndiyo maana ukizibadilisha gari linapata nafuu kidogo, kisha tatizo linaendelea. Iliyochakaa ibadilishwe bila kuchelewa, maana bol jointi ikichomoka gari halina mwelekeo tena, ila msako wa chanzo usiishie hapo.

Anza kwa kujua nini kinazunguka na kwa kasi gani. Tairi la 205/55 R16 lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Propela shafti huzunguka mara 3 hadi 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kutegemea uwiano wa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Gurudumu la mbele lenye kasoro utalijua kwa usukani kucheza mikononi. La nyuma hutikisa kiti. Propela huleta mvumo wa haraka zaidi unaopanda kutoka sakafuni.

Kuitenga injini ni rahisi. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, shika spidi inayotetemeka, kisha ushuke gia moja huku spidi ikibaki ileile. Mtetemeko usipobadilika, tafuta kwenye magurudumu na propela. Ukibadilika pamoja na mzunguko wa injini, kagua plagi, koili na mauntini. Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo: usukani na breki vitakuwa vizito, na usukani unaweza kujifunga.

Dhana: Likipita 110 linatulia lenyewe, kwa hiyo si tatizo kubwa.

Gurudumu na sasipensheni yake vina mdundo wao wa asili, yaani kasi ambayo hucheza juu na chini vyenyewe, kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa tairi ukilingana na mdundo huo, kasoro ndogo hukuzwa na gari zima huitika. Ukivuka hapo mwili wa gari unaacha kuitika, lakini nguvu inayopiga beringi inazidi kupanda, kwa sababu hukua kwa mraba wa spidi. Gramu 30 zilizozidi upande mmoja kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16 huvuta kwa karibu nyutoni 46 kwenye spidi ya 100, yaani kama uzito wa kilo nne na nusu unaopiga mara 14 kila sekunde. Kwenye 50 ni robo ya hapo, na kwenye 120 ni zaidi ya nyutoni 65.

Dhana: Fanya alaimenti, litaacha.

Alaimenti hurekebisha pembe za magurudumu. Gari linalovuta upande mmoja au kula tairi kando ndilo linaloihitaji. Pembe zilizokosewa huleta mtetemeko kwa njia ya mzunguko tu, tairi likishaliwa kwa mabonde, na hapo alaimenti peke yake haitalirudishia umbo.

Dhana: Balansi imeshafanyika, basi tairi liko sawa.

Hii ndiyo inayopoteza muda wa wengi. Mashine ya kawaida ya balansi huzungusha gurudumu likiwa hewani, bila mzigo. Inapima uzito ulivyogawanyika. Haioni tairi ambalo sehemu moja ni ngumu kuliko nyingine, na rimu iliyopinda inaweza kusawazishwa kwa gramu ikaendelea kupanda na kushuka barabarani.

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha simamisha kijiti karibu kabisa na ukingo wa rimu bila kugusa na uzungushe gurudumu kwa mkono. Tazama nafasi iliyo kati ya kijiti na rimu. Ikipanuka na kufinyika kwa zaidi ya milimita 1, rimu inatia shaka. Kwa uso wa tairi kikomo cha kawaida ni kama milimita 1.5. Rudia kwa ndani, kwa sababu shimo la barabara mara nyingi hupinda ukingo ule usioonekana. Ukiwa hapo, ondoa tope lililoganda ndani ya rimu na utafute alama ya gundi mahali palipobanduka kipande cha balansi (uzito mdogo unaobandikwa kwenye rimu).

Mashine ikidai gramu 100 au zaidi upande mmoja kwenye gari dogo, usikubali zibandikwe tu. Tairi litolewe upepo, lizungushwe nusu duara juu ya rimu, lipimwe upya. Kwa rimu zisizo za kiwandani, angalia tundu la katikati: likiwa pana kuliko habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) linahitaji pete ya kujazia, la sivyo gurudumu linaweza kukaa pembeni kidogo hata kama mashine ilionyesha sifuri.

Dhana: Likitetemeka wakati wa breki tu, diski zimepindishwa na joto.

Mara nyingi diski haikupinda. Unene wake haulingani. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kusukuma pedali na kutikisa usukani. Chanzo cha kawaida ni kutu au uchafu kati ya diski na habu: diski inayumba, pedi zinaigusa mahali palepale kila mzunguko, na taratibu inaliwa. Ukifunga diski mpya bila kusugua habu hadi chuma king'ae, tatizo litarudi.

Dhana: Linatetemeka ukikanyaga mafuta, giaboksi imekufa.

Mtetemeko unaokuja ukiongeza mafuta na kukata ukiachia, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, huiangukia kwanza sivi jointi ya ndani. Ile ya nje hujitambulisha kwa kugonga ukikata kona. Kwa propela, kagua krosi (viungo vyake) na beringi ya katikati.

Dhana: Kuyumba kwenye spidi ya 20 hadi 40 ni jambo dogo.

Ni hapa pa kusimama mara moja. Gurudumu linaloyumba polepole namna hiyo linaweza kuwa na nyuzi za ndani zilizoachana, na tairi hilo linaweza kupasuka. Pitisha kiganja ubavuni na kwenye uso wa tairi kutafuta uvimbe gari likiwa limesimama. Kisha pima kama nati za gurudumu zimekaza. Magari madogo mengi huhitaji nyutoni-mita 100 hadi 120, kaza kwa kuruka kama nyota, nati moja kisha ya upande wa pili, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100 kila gurudumu linapofunguliwa.